Aliyeitika Langoni Nainokanoka

Mchungaji amenipa dakika kumi na tano, na kwa kuwa ananijua, amekaa karibu kabisa na kipaza sauti. Ndugu zangu wa Karatu, wengi wenu mmeniona nikikua hapa. Mlisikia nafanya kazi na wazungu kule Ngorongoro. Mlisikia nakwenda ng'ambo kusoma. Halafu mkaniona sokoni nauza maharage na mama yangu, na hakuna aliyeniuliza kitu. Kuulizana mliulizana wenyewe, hilo najua. Leo nitawaambia kwa mdomo wangu, na sitataja jina la mtu.

Kazi ilikuwa hivi. Serikali yetu ilikubaliana na serikali moja ya ng'ambo kusaidia vyuo vya pande zote mbili vifanye utafiti pamoja. Chuo kimoja cha kwetu na kimoja cha kwao vikapata ufadhili wa kuchunguza ile homa ya mifugo inayotuingia kwenye maziwa yasiyochemshwa. Inakupandisha joto, inakushusha, inakuvunja viungo, wewe unasema ni malaria, na mwaka unapita. Mimi nilikuwa msaidizi wa utafiti. Kimaasai nilikipata kwa wenzangu shule ya bweni. Nilikuwa natembea boma kwa boma kule juu Nainokanoka, nauliza maswali, narekodi mazungumzo kwa kinasa sauti, najaza fomu. Boma lenye mgonjwa nalitia alama, na wauguzi wa mradi wanakuja nyuma yangu kupima damu na kutoa dawa. Boma lisilo na alama wanalipita. Naomba mlishike hilo, boma lisilo na alama wanalipita.

Ndani ya makubaliano hayo ya serikali kulikuwa na nafasi moja ya Mtanzania kwenda kusoma shahada ya pili kwa wenzetu. Daktari wetu, mama aliyeongoza utafiti upande wa Tanzania, alikuwa ameshaniandika jina. Mimi mtoto wa mkulima wa maharage! Nilikuwa nimeshaanza kutembea kizungu hata kabla ya kupanda ndege.

Wanaoijua Nainokanoka wanaujua ukungu wake. Si huu wetu unaoondoka ukimaliza chai. Ule unakaa. Kengele ya ng'ombe unaisikia, ng'ombe humwoni. Siku hiyo mwenzangu wa kazi ninayezunguka naye aliumwa tumbo, nikaenda peke yangu. Nilifika boma la mwisho kwenye orodha saa nne asubuhi, na ungedhani jua linazama. Boma dogo, nyumba tatu. Hakuna mbwa aliyebweka. Hakuna moshi. Langoni palikuwa na tawi la miiba, limelazwa vizuri kutoka upande huu hadi upande ule.

Kwa Wamaasai tawi langoni ni mlango tu. Unalivuta, unaingia. Nimeshavuta matawi mengi. Lakini mimi ni Mwiraqw, nimelelewa na bibi. Wazee hapa mnaijua metimani, vijana mnajifanya hamjui. Nyumba ikipatwa na kifo kibaya inajitenga, haiendi kwa watu na watu hawaiendei. Bibi yangu alikuwa akilaza tawi namna ile ile, akituambia, “Ukivuka hapo unaondoka nacho.” Nimesoma, nina cheti cha maabara, nimeona wadudu kwa hadubini. Nikasimama mbele ya lile tawi na miguu ikakataa.

Msinicheke. Au chekeni, lakini mngekuwa pale mngesubiri kwanza.

Nilipiga hodi, kimya. Ningeweza kuandika kwenye fomu, “Sikuingia, niliogopa.” Kungekuwa na tatizo gani? Mwenzangu angekwenda kesho yake. Lakini ningemwambiaje Daktari kwamba msomi wake anaogopa tawi? Wale wageni wangenionaje? Nikaketi juu ya jiwe, mgongo nimeupa nyumba, kofia ya koti nimeivuta masikioni kwa sababu ya manyunyu. Kinasa sauti nikakiweka juu ya miiba. Nikakiwasha, nikasalimia, “Yeyo, takwenya!” Ndivyo unavyomsalimia mama wa Kimaasai, naye huitika, “Iko.”

Ndugu zangu, nikajiitikia mwenyewe. Niliikunja sauti nikawa bibi kizee. Namuuliza, najijibu. Kuna mgonjwa nyumbani? Hakuna, sisi wote wazima. Maziwa mnachemsha? Tunachemsha, mwanangu, mlitufundisha. Nikampa kifua kizito na mbuzi saba, na nilipoona inakwenda vizuri nikamfanya acheke kidogo. Nilijisikia fundi. Nikajaza fomu, sikutia alama, nikaondoka bila kugeuka.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuniendea vibaya. Wiki moja baadaye nilikuwa hapa kwenye mnada, napita kwa akina mama wa Kimaasai wauza shanga. Mmoja mtu mzima akanisalimia, “Takwenya.” Nikafungua mdomo nimwitikie, na ikatoka ile sauti, ya kizee, na kile kifua. Sikuikusudia. Yule mama alirudi nyuma, akashika shanga zake, akaniuliza, “Hiyo sauti umeitoa wapi?” Nikasema nina mafua. Akasema, “Hayo siyo mafua,” akageukia mteja mwingine.

Nyumbani mama yangu akaniita jikoni, nikaitika, naye akatoka mbio akidhani kuna mgeni uani. Mara ya pili hakutoka. Aliniangalia tu, akaendelea kuchambua maharage. Nikaanza kunyamaza. Mlinipita njiani mkasema nimeanza maringo ya ng'ambo. Hayakuwa maringo, nilikuwa naogopa nani atajibu.

Wiki ya tatu tukakutana hapa mjini, watafiti wa pande zote mbili, kupitia rekodi. Masharti ya ule ushirikiano yalisema hivyo, kwamba kila rekodi isikilizwe na mtu wa kwetu na mtu wa kwao. Wa kwao alikuwa kijana mmoja anasomea udaktari wa falsafa. Anajifunza Kimaasai kwa bidii, na kwa kuwa hajui kingi anarudia sehemu moja mara kumi. Mtu wa kwetu alikuwa ameisikiliza yangu mara moja akaipitisha. Huyu kijana akavua spika za masikioni akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, “Dada, hapa mko watu wangapi?”

Nikamwambia wawili, mimi na bibi.

“Mimi nasikia watatu.”

Akaweka spika. Nikasikia salamu yangu. Na kabla ya yule bibi wangu wa uongo kuitika, ikaja sauti nyembamba sana kutoka mbali, “Iko.” Kisha wa kwangu akaitika, “Iko.” Maswali yakaendelea. Katikati, tuliposema hakuna mgonjwa, ile sauti ikaja tena. Haikusema neno lingine. Iliita tu, mara mbili, halafu ikaacha.

Chumba kizima waliniangalia niwasaidie kuelewa. Kijana akauliza, “Ni nani?” Nami nikamjibu, na nawaapia mbele ya madhabahu hii, nikamjibu kwa ile sauti ya kizee. Nilisikia mwenyewe. Daktari akaweka kalamu chini.

Ningeweza kusema ni mtoto aliyepita, ni upepo, na wangeamini. Nafasi yangu ya masomo ilikuwa inasainiwa mwezi ule ule. Lakini kulikuwa na mtu ndani ya zile nyumba. Alikuwa mle nilipokuwa nimempa mgongo, na mimi nimeandika kwamba ni mzima. Wauguzi walikuwa wamempita. Wiki tatu! Nikalia. Nikawaambia yote, tawi, jiwe, bibi yangu, metimani, yote. Nilitegemea Daktari anifukuze palepale. Alisema, “Vaa koti, twende.”

Tulifika mchana wa siku ya pili. Ukungu ule ule, na tawi liko pale pale. Daktari akalishika alivute, nikamwomba aniachie. Nililivuta mwenyewe, miiba ikanichana viganja, na sikumwambia mtu. Nikaenda kwenye nyumba iliyo karibu na lango, nikainama, nikasalimia.

“Iko.”

Alikuwa hai. Mama wa makamo, si bibi kama nilivyomfanya mimi, lakini homa ilikuwa imemla akabaki mifupa na macho. Familia walikuwa wamehamisha ng'ombe kufuata malisho. Yeye alishindwa kutembea, basi mke mwenzake aliyebaki boma la jirani akawa anamletea maziwa asubuhi na jioni, na akiondoka analaza tawi fisi wasiingie. Mbwa walikwenda na ng'ombe. Moto ulikuwa ukizimika asubuhi, hana nguvu ya kuuchochea. Hicho tu ndicho kilichokuwa kimenitisha mimi msomi.

Nikamwambia mimi ndiye niliyekuja siku ile. Akasema, “Nilisikia salamu nikaitika. Halafu nikasikia mwanamke mwingine anaulizwa habari za nyumba yangu, na anazijibu. Anasema mimi mzima. Anasema nachemsha maziwa. Nikaita, hakuna aliyegeuka. Nikasema basi, nimeshakufa. Yule anayezungumza langoni ndiye mimi, na huyu aliyelala hapa hayupo.”

Mke mwenzake alitueleza kwamba tangu siku hiyo mgonjwa alikuwa anayagusa maziwa kidogo tu na kuyaacha. Alikuwa anasema mtu aliyekwisha kufa hana haja ya maziwa.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sijawahi kuona aibu ya namna ile. Aibu ya mtu kukukaripia inapita. Huyu hakunikaripia. Alinigusa mkono, akaubonyeza, kuhakikisha kama mmoja wetu yupo.

Wauguzi walimpima jioni ile ile, na homa ilikuwa ndiyo yenyewe. Akaanza dawa, na dawa zake ni za wiki nyingi, si mchezo. Mimi jina langu likakatwa. Afisa wa serikali anayesimamia ule ushirikiano alinisomea barua akiwa amesimama, na ilikuwa halali yake. Nilichoogopa zaidi ni kwamba mradi mzima ungefungwa kwa ajili yangu, na sampuli za damu ya watu wote wale zingemwagwa. Haukufungwa. Yule kijana wa ng'ambo aliandika kwao, na Daktari akaandika kwetu, kwamba kosa limeonekana kwa sababu pande mbili zilikuwa zinasikiliza kitu kimoja. Wakaruhusiwa kuendelea, kwa sharti kwamba maboma yangu yote yarudiwe.

Daktari akanifuata sokoni. Akanunua maharage, hakuyahitaji, akaniambia, “Maboma ni yako, njoo ubebe boksi la barafu.” Basi nikabeba boksi. Sikuwa msaidizi wa utafiti, nilikuwa mbebaji. Kila boma nilisimama langoni nikaeleza nilichofanya kabla muuguzi hajafungua sindano. Wengine walinifukuza. Mzee mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Na kadiri nilivyoeleza, ile sauti ikawa inapungua, hadi siku moja mama akaniita jikoni nikaitika, akasema, “Haya, umerudi.” Mwaka huu wamenipa tena fomu. Ng'ambo sikwenda, amekwenda msichana wa Mbulu, na anastahili.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Daktari aliyesema vaa koti. Namshukuru yule kijana aliyerudia kusikiliza mahali ambapo sisi tunaojua lugha tulipita haraka. Nawashukuru wote waliokaa mezani wakataka nchi mbili zisikilize pamoja. Mimi niliona ni usumbufu wa makaratasi. Mama yangu, asante kwa kutokuuliza. Na ninyi vijana mnaojaza fomu za watu, iwe ni sensa, iwe ni zahanati, iwe ni hapa kanisani, ukiogopa andika kwamba umeogopa. Ukimjibia mtu, umemfuta.

Nilipanda Nainokanoka mwezi uliopita. Yule yeyo nilimkuta nje, amenenepa, anashona shanga, ananitania kwamba nimekonda mimi sasa. Nikamweleza kwamba ile rekodi ya uongo haifutwi. Makubaliano hayaruhusu. Imewekwa alama kwamba si ya kweli, lakini ipo, nakala moja kwetu na nyingine ng'ambo, na akiifungua mtu hata leo, yule bibi ataongea na atacheka.

Alishona shanga kama tatu. Kisha akaniuliza taratibu, hatanii tena, “Na huyo mwenzangu, alipona?”

Nikamwambia, “Yeyo, ndiyo kwanza ameanza dawa.” Dawa yenyewe ni huku kueleza, na dozi ya leo mmeniona nikiinywa mbele yenu. Asanteni.