Matanga Bila Makala: Historia ya Mama Emérance Ngoie

Wazee wetu, baba paroko na shehe wetu muliokaa musitari mumoja, waalimu, watu wa reli, watu wa Avenyu Mukebuka, na ninyi wote mulioacha kazi zenu leo jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025 kuja kutushika mukono, familia inawasalimia, na inawaomba musikilize vizuri, kwa sababu maisha ya mama huyu si ya kusomwa kwa sauti ya chini, yeye mwenyewe hakuwahi kusema kwa sauti ya chini tangu azaliwe. Anayewasomea ni mudogo wake, Éliézer Kisimba, aliyechaguliwa na kikao cha familia kwa sababu watoto wanalia, na kwa sababu yeye ana neno la kuungama mbele yenu, tutalifikia.

Mama Emérance Ngoie Kisimba alizaliwa Niemba tarehe 14 Mei 1959, mutoto wa pili kati ya saba, baba yake akiwa mufanyakazi wa njia ya reli, mama yake, Mama Rachelle, akiwa mulimaji wa muhogo na karanga, na nyumba yao ilipakana na musitu, hata Mama Rachelle alipowakataza watoto kwenda mbali kutafuta kuni, huko mbali kwenyewe kulikuwa nyuma ya jiko. Alikuwa mutoto wa maswali, akikuuliza jambo usijaribu kumudanganya, atakuja kukuuliza tena kesho mbele ya watu.

Alisoma shule ya musingi palepale Niemba toka mwaka 1966 mpaka 1972, kisha akaletwa Kalemie kwa shangazi yake, akaingia masomo ya ualimu, na mwezi wa saba 1978 akapata dipulome ya Leta, yaani ya serikali, binti wa kwanza katika ukoo wetu kuipata. Baba yetu, ambaye siku zote alikuwa anasema musichana wa vitabu ataunguza bukari, ugali wa nyumba, aliitia karatasi ile katika mufuko wa shati akazunguka nayo Niemba nzima, akiwaonyesha hata wale wasiojua kusoma, na jioni akarudi na jogoo aliyepewa na watu.

Toka Septemba 1979 mpaka Juni 2014 alifundisha darasa la tatu hapa mujini, miaka thelathini na mitano darasa lilelile, yeye mwenyewe alikataa kupandishwa, alisema mutoto wa darasa la tatu ameshajua kuandika lakini hajajua kudanganya. Wengi wenu hapa mulipita mikononi mwake, na tunawajua, kuna mababa wazima hapa, wenye biro zao za ukubwa kazini na magari yao, ambao mpaka mwaka huu walipokutana naye njiani walikuwa wanaficha kucha.

Bwana wake, Papa Hubert Kalenga, fundi wa atelie, karakana ya reli, alimukuta ndani ya treni inayotoka Niemba, akasimama amupe nafasi akae, na yeye, badala ya kusema asante, akamuuliza kama amelipa tikiti au anapanda bure kwa sababu ni mutu wa reli. Papa Hubert alikuwa anapenda kusema kwamba aliamua kumuoa palepale, ili kama ni kuulizwa, aulizwe nyumbani, na ndoa ilifungwa tarehe 23 Agosti 1980, wakakaa Avenyu Mukebuka, parseli namba 27, mpaka Papa Hubert alipotuacha tarehe 5 Februari 2012. Mungu aliwapa watoto wanne, Papy mwaka 1981, Carine mwaka 1984, Bénit mwaka 1987 na Glodie mwaka 1993, na wajukuu kumi na mumoja, wote muliwaona asubuhi hii wakibeba maji.

Sasa tufike pale ambapo maisha yake yaligeuka. Tarehe 19 Agosti 2006 tulikwenda Niemba kumuzika mama yetu, dada yangu alikuwa hajakanyaga kule miaka kumi kwa ajili ya vita, na tuliposhuka toka treni alisimama akauliza kama tumeshuka mahali penyewe. Toka stesheni mpaka makaburini hatukupata kivuli cha kumupumzisha muntu mumoja, visiki tu, na matanuru ya makala, mukaa wa miti, yanatoa moshi, na magunia yamepangwa kandokando ya reli yanangoja kuja huku kwetu. Tulipomaliza kumufunika mama, yeye alikwenda akagusa gunia moja, akarudi akaniambia maneno ambayo sijawahi kuyasahau, kwamba makala haya njo tunayopikia kwetu, kwamba musitu wa mama umekuja kuishia ndani ya sufuria yake yeye, ameula wote pamoja na sombe, majani ya muhogo, na hakujua. Alilia kwa ajili ya mama, ndiyo, lakini alilia vilevile kwa haya.

Aliporudi Kalemie, kazi ikaanza, na watu wa avenyu, musione haya, tuseme kweli, mulifikiri matanga yamemuzidi akili. Alianza na mifuniko, akawatuma wanafunzi wake waende nyumbani wachungulie kama sufuria iliyo juu ya moto imefunikwa, na asubuhi kila mumoja atoe ripoti, mpaka mama zao wakaja shuleni na hasira, wakisema mwalimu huyu analipwa kufundisha hesabu, si kupeleleza majiko. Aliwasikiliza wote, akawauliza mumoja mumoja gunia lao la makala linadumu siku ngapi, akawaomba wafunike sufuria mwezi mumoja kisha waje tena kumutukana, na kwa kweli wengine walirudi, lakini hawakurudi na matusi.

Kisha ikaja habari ya maharagi, ambayo baba paroko ametupa ruhusa kuisema. Mama alikuwa amejifunza kwamba maharagi yakilowekwa toka asubuhi, yakachemka kidogo tu, ukayatoa motoni na sufuria yake ukayafunga ndani ya blanketi, yanaiva yenyewe bila makala, na siku moja katekista akapita kuomba kwa ajili ya wagonjwa wa avenyu, akaingia, akaona kitandani blanketi limefunikwa vizuri na joto linatoka, akaweka mukono juu yake, akaomba kwa muda murefu homa ile ishuke. Glodie, alipoona katekista anafika kwenye amina, alimuambia kwa heshima kwamba baba, hayo ni maharagi, na mpaka leo pale Mukebuka maharagi ya namna ile yanaitwa maharagi ya kuombewa, na nyumba nyingi zinayapika.

Hakufaulu kila kitu. Kwa harusi ya Carine, tarehe 12 Desemba 2009, alikataa mbabula za bati, majiko yanayokula makala, akafinyanga mwenyewe mbabula kumi na mbili za udongo wa muto Lukuga, kuta nene za kushika moto, lakini alikuwa na haraka, akazianika siku mbili juani, na pale wapishi walipopandisha sufuria kubwa, zikapasuka moja baada ya nyingine, bukari ikamwagika chini mbele ya wakwe, na wakwe wakala ndakala, samaki wadogo wakavu, bila bukari. Muntu mwingine angejificha mwezi muzima, yeye jumatatu yake alibeba vipande ndani ya kitunga akaenda kwa mama mumoja mufinyanzi, kandokando ya muto, akaomba kufundishwa kama mutoto wa darasa la kwanza, na mufinyanzi akamuambia tu haraka haraka haina baraka, akamuonyesha kusaga vigae vya chungu kikuukuu na kuvichanganya na udongo, kisha kuacha mbabula ikauke kivulini majuma matatu. Tangu hapo hazijapasuka tena, na leo Mukebuka tuna nyumba arobaini na moja zenye mbabula ya Mama Emérance, gunia lililokuwa linaisha kwa majuma mawili linafika matano.

Mwaka 2015, akiwa amestaafu, aliongeza makala ya maganda, na hapa tumutaje Papa Seifu, jirani yetu, mwenye depo ya makala karibu na stesheni, kwa maana hadithi hii haiwezi kupita bila yeye. Mama alikuwa anakusanya maganda ya muhogo, magunzi ya mahindi na vifuu vya ngazi, matunda ya mawese, anavichoma ndani ya pipa lililofunikwa, anatwanga, anachanganya na uji mwepesi wa muhogo, anafinyanga vidonge na kuvianika, na akawafundisha wamama wote bure, hata Mama Mouna, muke wa Papa Seifu mwenyewe. Papa Seifu alisema mwalimu amemutilia muchanga kitumbua chake, akaacha kumusalimia, na miaka kumi dada yangu alipita mbele ya depo ile akimusalimia yeye wa kwanza, kila asubuhi, bila kujibiwa, tulimuambia aache, akasema salamu si makala, haiishi.

Tarehe 2 Agosti mwaka huu alianguka jikoni, tukamupeleka hospitali, waganga wakakuta moyo umechoka na mapafu yana moshi wa zamani, moshi wa majiko ya ujana wake, wakamupigania miezi miwili. Tarehe 28 Septemba alituita, watoto wote wanne na huyu Éliézer, akatuinulisha mikono kama darasani, akasema anajua desturi yetu, kwamba kwa matanga kila nyumba inaleta gunia la makala, na moto hauzimwi mpaka siku ya kuzika, na ya kwamba matanga moja tu yanatosha kumaliza miti ya shamba zima, basi matanga yake yasipikwe kwa musitu wa mama yake, kusiingie gunia hata moja. Tuliapa wote. Alituacha jumanne tarehe 7 Oktoba, saa nne na dakika kumi za asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita, Carine amemushika mukono.

Na sasa ungamo. Huyu Éliézer aliapa kwa mukono, lakini moyoni aliogopa aibu, aliwaza watu mia tatu watakuja, moto wa maganda utawezaje, Kalemie nzima itasema ukoo wa Kisimba umemuzika mwalimu kwa njaa, na bila kumuambia mutoto yeyote, jumatano saa tatu asubuhi alikwenda depo kwa Papa Seifu kuagiza magunia sita, akijua kwamba kama kuna muntu mumoja muji huu mwenye furaha ya kumuuzia, ni yule. Papa Seifu alikuwa amekaa juu ya magunia yake, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba kwa matanga ya mwanamuke yule depo imefungwa, hauzi, na anaona haya kwa niaba ya Éliézer. Éliézer akamuuliza tangu lini yeye amekuwa rafiki ya marehemu, na muzee huyu akajibu kwamba anauza makala, ndiyo, njo kazi aliyoachiwa na baba yake, lakini kwake nyumbani tangu mwaka 2019 hawayapikii, wanapikia vidonge vya Mouna, kifua cha Mouna kimepona, na alishindwa kumuambia mwalimu kwa sababu ya kiburi, kila asubuhi alisema nitamujibu kesho, mpaka kesho zikaisha.

Saa tano siku ileile Papa Seifu alifika parselini kwetu akisukuma baiskeli, amefunga magunia matatu, na watoto wa marehemu walipoyaona walisimama kwenye mulango na hawakujua la kufanya, kwa maana kurudisha zawadi ya musiba ni tusi na kuipokea ni kuvunja kiapo, na mimi, Éliézer huyu, nilikuwa nyuma yake, nimeinama. Akafungua gunia la kwanza yeye mwenyewe, vilikuwa vidonge vya maganda, na nyuma yake akaja Mama Mouna na vingine, na nyuma yao watu wa Mukebuka, kila nyumba na mbabula yake kichwani. Tangu saa ile mpaka leo mumekula bukari, mumekula samaki mukebuka na sombe na maharagi ya kuombewa, hakuna aliyelala njaa, na jana watu wa Niemba, makala yanakotoka, wamethibitisha kwa simu kwa familia kwamba hakuna gunia lililoagizwa kwa jina letu.

Kwa hiyo familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomukeshea dada yetu miezi miwili, inashukuru baba paroko na shehe, waalimu wenzake waliomuimbia jana, watu wa reli waliokumbuka Papa Hubert, majirani wa Avenyu Mukebuka na mbabula zao arobaini na moja, na inamushukuru Papa Seifu, aliyekuja leo asubuhi mbele ya sanduku, akavua kofia, akamuambia mwalimu habari za asubuhi, akakaa chini.

Dada Emérance, tunakwenda kukuzika, na hakuna muti ulioanguka kwa ajili yako. Nilikuwa nimeinua mukono kwa uongo, leo nauinua kwa kweli. Pumzika, amani iwe yako.