Maisha ya Baba Kidoti, Mtunza Kadi za Kituo Chetu cha Afya

Baba mkwe, shemeji, wifi zangu, wafanyakazi wa kituo, majirani, nanyi nyote mliokuja kutusitiri leo Jumamosi tarehe 10 Mei 2025, historia hii ilikuwa isomwe na shemeji, kaka wa marehemu, lakini sauti imemkauka tangu juzi, na kwa kuwa niliyeiandika ni mimi ameniambia nisome mwenyewe, eti mwandiko wangu aliweza kuusoma mtu mmoja tu na ndiye huyu tunayemzika, basi nitasoma, na nikienda mbio mnivumilie, mtoto ameshaamka na sijui atanipa muda gani.

Marehemu mume wangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1989, katika chumba cha nyuma cha karakana ya useremala ya baba yake, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, na mama yake mzazi, aliyetutangulia mwaka 2014, alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alianza kupanga vitu kabla hajajua kutembea, misumari mirefu huku, mifupi kule, na baba mkwe akichukua mmoja bila kumwambia, nyumba nzima hailali.

Alisoma shule ya msingi iliyotazamana na karakana kuanzia mwaka 1996 hadi 2002, akaendelea na sekondari ya kutwa mwaka 2003 na kumaliza 2006, mwaka mmoja akamsaidia baba yake kupima mbao, kisha mwaka 2008 akaingia chuo cha kompyuta na kuhitimu stashahada mwaka 2010, na baba mkwe hadi leo anasema alipoteza fundi mzuri, ingawa anayasema hayo huku akiwaonyesha watu picha ya mahafali.

Tarehe 1 Februari 2012 aliajiriwa katika kituo chetu cha afya, chumba cha kadi, wakati ule kadi za wagonjwa zikiwa za karatasi ndani ya maboksi, na mwaka uliofuata kadi zote zilipoingizwa kwenye kompyuta yeye akawa mtunzaji wa hiyo hifadhidata, ambayo wengi wetu tunaiita sistimu tu, akafanya kazi hiyo hadi mauti yalipomkuta, na wenzake wakampa jina la Subiri, kwa sababu ndilo neno alilopokelea simu, hata salamu hungeipata kabla ya subiri kidogo.

Mimi nilimjua mwaka 2019, nimemaliza sekondari, nimechukuliwa kwa muda kwenye dirisha la kadi, na siku moja nikamuuliza mbele ya foleni, kaka, mbona nikitafuta mgonjwa kwa namba ya kadi anakuja mara moja, nikitafuta kwa namba ya simu naweza kwenda kusuka nikarudi, watu wakacheka, yeye hakucheka, alivuta kiti akanieleza kwamba namba ya kadi ina faharasa, mashine inajua rafu ya kwenda, lakini namba ya simu haina, kwa hiyo kwa ajili ya mgonjwa mmoja inasoma kadi zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, akaenda akaweka faharasa ya namba ya simu na foleni ikapungua wiki ileile, basi kila idara ikataka faharasa yake, maabara wanataka, stoo ya dawa wanataka, akakataa, akasema kila faharasa ni mdomo wa kulisha, ukimwandikisha mgonjwa mmoja lazima uzilishe zote, na mwishowe kuandikisha ndiko kutakakokuwa kunachechemea.

Hivyo ndivyo alivyonichumbia, kwa kunieleza mambo, na mnaomjua mnajua siongezi chumvi.

Tulifunga ndoa tarehe 3 Julai 2021, na kwa ajili ya ndoa yake mwenyewe alipewa ruhusa ya siku mbili, na siku yenyewe, wageni wameketi, simu ikaita kwamba sistimu imeganda, tukaondoka na suti yake na gauni langu, yeye akaingia chumba baridi, ndivyo tunavyokiita kile chumba cha seva, mimi nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, mama mmoja mwenye mtoto wa homa akanisogezea nafasi akaniambia hongera mwanangu, umekuja kupima, kumbe kilichokuwa kimetokea ni kwamba daktari mmoja alifungua kadi ya mgonjwa aibadilishe, akaiacha hivyohivyo wazi akaenda kunywa chai, na kila aliyeihitaji kadi ile alisimama nyuma yake, na aliyemhitaji huyo akasimama nyuma yake tena, kama mtu aliyeketi mlangoni na bakuli lake na nyumba nzima haiwezi kupita, marehemu akaenda mlango kwa mlango akiuliza nani kaacha kadi wazi, na daktari akajibu kutoka kantini, bwana harusi, ni mimi, lakini keki mmeileta.

Mkuu wetu wa utawala, ambaye yuko hapa, na ambaye marehemu kwa utani alimwita Zima-Washa, na yeye mwenyewe anajua na hakuwahi kukasirika, dawa yake siku zote ilikuwa moja, mashine ikichelewa izime uiwashe, na marehemu hakuchoka kumwambia, mzee, ukiizima unamwondoa aliyekaa mlangoni, ni kweli, lakini hujamjua ni nani, kesho atakaa tena, na mashine nayo ikiamka imesahau yote iliyokuwa inayakumbuka, itaanza upya kuyatafuta kwenye diski, kwa hiyo saa nzima itakuwa nzito kuliko mwanzo, angalia kwanza nani anamzuia nani, ndipo uguse.

Baada ya ndoa tulipewa nyumba ya kituo, vyumba viwili, ukuta mmoja na chumba baridi, na ile mashine ya kupoza hewa inatolea joto lake kwenye dirisha letu la chumbani, kwa hiyo dirisha hilo sijawahi kulifungua tangu nihamie, na mtoto wetu, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 2023 na ambaye kwa alama ya shavuni tunamwita Kidoti, amelelewa na ule mvumo kiasi kwamba umeme ukikatika na mvumo ukinyamaza ndipo anaposhtuka na kulia, na baba yake alikuwa akisema, huyu ndiye kengele yangu.

Aliipenda kazi ile, nisiseme uongo mbele ya mwili wake, lakini kazi ile haikumwachia nafasi, hakuwahi kupata likizo kamili hata mwaka mmoja, aliomba msaidizi mara mbili akaambiwa bajeti, halafu akaacha kuomba, na nilipomwuliza kwa nini haombi tena alisema nikimfundisha mtu ataniharibia, nami naamini moyoni pia alizoea kuwa yeye peke yake ndiye anayejua, na mtu akishakuwa peke yake anayejua ni kama amejifungia ndani na ufunguo ameumeza.

Mwishoni mwa Januari mwaka huu alianza kuvimba miguu, akasema ni kiti, mwezi Februari akashindwa kupanda ngazi, na vipimo vya tarehe 20 Februari vikaonyesha kwamba figo zake zote mbili zimechoka, akalazwa hospitali kubwa, akatoka, akalazwa tena, na simu ikamfuata wodini, akipokea na mpira wa dawa mkononi, subiri kidogo, hadi muuguzi mkuu akamnyang'anya, ndipo akageuka kwangu akasema, Mama Kidoti, leta kile kiti karibu.

Akaanza kunifundisha mimi, mtoto mapajani, mimi ambaye kompyuta niliyoijua ni ile ya dirishani, akaniambia sistimu ni kama nyumba, haihitaji miujiza, inahitaji mtu anayefagia, kadi za watu ambao hawajaonekana miaka mingi zihamishie kwenye stoo yake ili mashine isizipekue kila siku, diski usiiache ijae, bakiza robo tupu, hesabu za mashine, zile za kadi ziko ngapi na ziko wapi, zihuishe kila wiki maana inachagua njia kwa kukisia, ukiiachia hesabu za zamani inakuwa kama mpishi anayepikia watu wanne nyumba ikiwa na watu kumi na wawili, na lile daftari lake la ndani ambamo inaandika kila inachofanya, linasafika lenyewe likinakiliwa kila jioni, lisiponakiliwa linavimba, lakini usilifute kwa mkono, alinirudia hilo hadi nikamwambia nimesikia bwana, hata likijaa vipi usilifute kwa mkono.

Na kila Ijumaa mchana nilifanya alichokuwa akikifanya yeye, nachukua nakala ya kadi zote, naileta nyumbani, naifungua upya kwenye ile kompyuta kuukuu iliyo mezani kwetu, kwa sababu alisema nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu, na ikishafunguka alitaka nitafute kadi moja, kadi ya mama yake, ambayo hakuwahi kukubali ihamishiwe stoo, sheria zote za kupunguza uzito aliziandika mwenyewe na hiyo moja akaivunja mwenyewe, na Ijumaa ya tarehe 2 Mei aliniuliza kwa simu ya muuguzi kutoka wodini, sauti ikiwa ndogo, mama yupo, nikamwambia yupo, akasema basi wote wapo.

Alifariki Alhamisi tarehe 8 Mei, saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimemshika mguu kwa sababu mikono yote ilikuwa na mipira.

Sasa hapa shemeji aliniambia niende moja kwa moja kwenye shukrani, lakini yapo yaliyotokea jana na nikiyaruka historia hii haitakuwa kamili, jana asubuhi, turubai halijafungwa vizuri, Mkuu alikuja, akanipa pole ya kweli kabisa, alilia, kisha akaniita pembeni akaniambia, shemeji, sistimu imekufa, wiki hii hakukuwa na mtu wa kuinakili, diski ikajaa, naye akatafuta faili lililo kubwa kuliko yote akalifuta, akazima, akawasha, haikuamka, na lile faili ndilo daftari la ndani, na akaniambia pia, kwa upole, mimi sikufukuzi, shemeji, lakini nyumba ile ni ya mtu wa sistimu, ukiishika kazi utakaa, usipoishika itabidi nimtafute mwingine na atahitaji pa kulala.

Kabla sijafikiri, kaka wa marehemu, aliyekuwa amesogea na wenzake, akaitikia kwa niaba yangu kwa sauti yake iliyokauka, atafanya, ana kichwa huyu, na baba mkwe akasema vizuri, mtoto asihame, na wifi akanisugua mgongo akasema umepata bahati, wengine wakifiwa wanatupiwa vyombo nje, na wote walisema kwa kunipenda, najua, nami nilikuwa nimesimama katikati yao kama mlango unaofunguliwa na kila mtu.

Naogopa, ndugu zangu, ile ya mezani kwetu ukikosea unafuta unaanza upya, hii ya kule ni ya watu, ni mama ambaye dawa fulani humdhuru na imeandikwa kwenye kadi tu, nakala niliyo nayo ni ya Ijumaa ya wiki iliyopita, waliotibiwa tangu Jumamosi ile hawamo na itabidi waandikwe upya mmoja mmoja, na leo tulipopita na jeneza niliiona foleni pale dirishani, kina mama na watoto migongoni, wanaandikwa kwenye karatasi, wamesimama wakatupisha, na naogopa zaidi kwamba nitaiweza, kwa sababu marehemu aliiweza, na mmeona kuiweza kulimfikisha wapi.

Kwa hiyo jibu langu nalitoa hapa, kwa kuwa hapa mko wengi na kila mtu atalisikia, Mkuu nakuona pale nyuma, nitakuja, nyumba sina nyingine na mtoto ninaye, lakini sitaketi peke yangu, siku hiyohiyo ya kwanza nataka mtu wa pili pembeni yangu, awe yule binti anayekaa sasa kwenye dirisha la kadi, awe wewe mwenyewe, nitamfundisha yote ninayoyajua na tutayatafuta pamoja nisiyoyajua, na asipokuwepo mtu wa pili nitabeba vyombo vyangu mwenyewe nirudi karakana kwa baba mkwe, baba unisamehe kwamba sikukuuliza kwanza, nataka siku Kidoti akiugua niweze kutoka mle ndani bila kuombwa nisubiri.

Marehemu ameacha mjane, mtoto mmoja, baba, kaka mmoja na dada wawili. Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, hasa muuguzi mkuu aliyemnyang'anya simu, wenzake wa chumba cha kadi waliochimba kwa zamu tangu alfajiri, majirani mliopika kwetu siku hizi mbili na kumbeba mtoto nisipojiweza, mafundi wa karakana waliotengeneza jeneza hili bila kumruhusu baba mkwe kushika randa, na Mkuu wa utawala aliyetoa gari na ambaye namwona ametikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa huzuni, nitajua.

Pumzika kwa utulivu, Baba Kidoti. Mimi naingia Jumatatu.