Mama Nyongeza na Maziwa ya Festo

Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani, haya mtakayoyasikia marehemu aliyasema mwenyewe akiwa kitandani, mwanawe wa kwanza Ezekieli akayaandika, naye marehemu akamwapisha kwamba yasomwe yote mbele yenu, hata kama familia itaona haya.

Marehemu Evodia Alute alizaliwa Kinampanda tarehe 3 Juni 1954, mtoto wa tano wa mzee Alute, mkulima wa uwele na mtama, akaanza shule ya msingi hapohapo mwaka 1963 na kuishia darasa la nne mwaka 1966, si kwa kufeli, bali kwa kuwa ng'ombe wa baba yake walikosa mchungaji mwingine.

Mwaka 1971 alianza kuuza nafaka kwenye gulio la Kiomboi, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na mitatu, na wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Nyongeza, maana hakuwahi kusawazisha kopo la sado kwa kiganja kama wenzake, alijaza mpaka nafaka ikamwagika pembeni, kisha akaongeza konzi moja, akisema mwenye mkono wa birika halei mtoto.

Tarehe 18 Agosti 1973 alifunga ndoa na marehemu Paskali Mpinga, wakajaliwa watoto watatu, Ezekieli, Dina na Amosi, na mwaka 2014 Amosi alimwoa Elina kutoka Manyoni, ambaye leo amekaa pale mkekani pamoja na wafiwa wenzake.

Tarehe 14 Machi 2016 Elina alijifungua Festo kabla ya wakati, kilo moja na nusu, na walipotoka hospitali uzito ukagoma kupanda, ndipo daktari akaagiza maziwa ya mama yakamuliwe kwenye kikombe kilichochemshwa, yaongezwe maziwa ya unga ya watoto wachanga kwa kipimo alichokiandika kwenye karatasi, kijiko kimoja kikisawazishwa kwa mgongo wa kisu, na kisizidishwe kamwe, kwa sababu figo za mtoto zilikuwa bado changa. Elina aliifuata karatasi ile kama sala. Marehemu alimtazama, moyo ukamuuma, akaona mjukuu anapunjwa ndani ya nyumba ya Mama Nyongeza, basi kwa siku tatu, kila Elina alipokwenda bombani, alikifunua kikombe kilichokwisha kuandaliwa, akatia vijiko viwili vya kujaa juu ya kile kimoja.

Siku ya nne mtoto alitapika, tumbo likawa gumu, midomo ikakauka, nepi ikashinda kavu, akalazwa Singida Mjini siku nane, na daktari aliposema maziwa yalizidishwa unga na kuuliza nani anayachanganya, Elina alijibu, "Ni mimi, daktari." Marehemu alikuwa amesimama nyuma yake, akanyamaza.

Kunyamaza huko kulimfunga. Kikao cha ukoo kilimwita Elina mzembe, shangazi mmoja akasema, "Huyu alitaka kutuulia mtoto," kopo la unga likatolewa mikononi mwake na kukabidhiwa marehemu, na kwa miezi mitatu Elina alikamua maziwa yake mwenyewe na kuyapeleka kwa mama mkwe akipiga magoti, ili yapimwe. Marehemu aliyapima kama ilivyoandikwa, mtoto akanenepa, na siku ya ubatizo marehemu alivishwa kitenge mbele ya kanisa kwa kumwokoa mjukuu. Angesema nini baada ya kitenge? Alijaribu kusema Krismasi ile, akajaribu tena mumewe alipofariki mwaka 2019, akaishia kumkwepa Elina miaka tisa, nasi tukadhani anamchukia.

Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, na aliyemuuguza ni Elina, alimwogesha, akamlisha uji, akamgeuza kitandani, na kila asubuhi alipomwambia, "Shikamoo mama, umeamkaje leo?" marehemu aligeukia ukutani akilia, na Elina akadhani ni maumivu. Alifariki Jumapili tarehe 19 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, Elina akiwa amemshika mkono.

Sisi wanawe tunampenda, na tumemkasirikia, kwamba alingoja jeneza limsemee.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliochota maji na kupika tangu Jumapili, na wafanyabiashara wenzake wa gulio mliofunga vibanda leo kuja kumzika. Marehemu ameagiza shada la kwanza liwekwe na Elina, kabla ya watoto wake wa kuzaa, na akikataa asilazimishwe, wala asisemwe.

Mama, pumzika kwa amani, umeyasema. Elina, shemeji yetu, shada hili hapa, na usipolishika, hatuna neno na wewe.