Barua Niliyoificha Kwenye Sanduku la Nyaya

Wazazi wenzangu mlio nyuma, mnanisikia? Vizuri. Ningeshangaa kama hamnisikii, maana spika hizi nimezifunga mwenyewe asubuhi. Naomba mniruhusu nijisifu kidogo, halafu nitaacha, kwa sababu yanayofuata hayana sifa.

Nilitoka Thika na begi moja na diploma ya elektroniki. Nikaenda Doha, nikafunga mitambo ya sauti kwenye mahoteli kwa miaka saba. Hakuna aliyenishika mkono. Niliporudi nilijenga nyumba yangu Mwiki, nikafungua duka langu hapa Ruiru, na leo ukiingia kanisani hapa mjini ukasikia mahubiri bila ule mlio wa kukwaruza masikio, huenda ni kazi yangu. Hata msikiti mmoja kule Kiuu uliniita. Kwa hivyo, ndugu zangu, mimi ni mtu wa sauti. Na binti yangu hasikii.

Yuko pale, safu ya pili, kando ya mama yake. Mwalimu huyu aliyesimama karibu nami anamtafsiria kwa mikono kila ninachosema. Nilimwomba binti yangu ruhusa kabla ya kuja. Akasema niseme, lakini nisitie chumvi.

Niliporudi kutoka Doha alikuwa na miaka minne, nami nilikuwa nimemwona likizoni tu. Alikuwa akiishi na mama yake pamoja na mama yangu mzazi, ambaye nyumbani sote tulimwita Shosho. Mtoto alikuwa hasemi. Akitaka uji alikuwa na namna yake ya kuuomba kwa mikono, akitaka kwenda nje alikuwa na namna nyingine, na Shosho alimjibu vivyo hivyo. Hata Shosho mwenyewe alikuwa na jina lake la mikono. Jioni yangu ya kwanza niliwakuta jikoni wakipiga gumzo hivyo, nikaona aibu.

"Mama, unamharibu huyu," nikasema. "Mwache ajifunze kuongea."

"Si ndiyo tunaongea?"

"Huko si kuongea."

"Haya, mtu wa ng'ambo. Hebu muulize amekula nini mchana."

Nikamuuliza. Mtoto akanitazama mdomo tu. Shosho akacheka, akamuuliza kwa mikono, akajibiwa.

"Amekula githeri," akaniambia. "Na mahindi ameyaacha yote, maharagwe ndiyo amekula. Umesikia hiyo wewe?"

Nawaambia, kama ningekuwa na akili ningeketi pale jikoni nikafundishwa na mama yangu. Sikuketi. Nilipiga marufuku mambo ya mikono nyumbani kwangu.

Alipofika umri wa shule nilimpeleka akademia moja, shule ya kulipia, upande wa Kahawa Sukari, yenye basi na sweta nzuri. Nilitaka majirani walione lile basi likisimama langoni kwangu. Muhula wa pili mwalimu wa darasa akaniita. Alikuwa msichana mdogo, labda ndiyo kwanza alikuwa ametoka chuoni. Aliniambia kwa upole, "Baba, nafikiri mtoto hasikii. Nimewaandikia barua hii watu wa kituo cha tathmini, kule Thika; wapelekee. Watampima, watakuambia ni shule gani inamfaa."

Mnajua nilimjibu nini? "Mwalimu, unanifundisha mimi mambo ya kusikia? Nina diploma."

Barua niliichukua. Nilipofika dukani nikaitia kwenye sanduku la nyaya, chini kabisa, nikaweka koili mbili juu yake. Mke wangu hakuijua. Nilijiambia kwamba mtoto akishapimwa na kuandikwa, jina hilo halitafutika tena. Watu wangesema, yule wa Doha amezaa kiziwi.

Halafu nikafanya kitu ambacho ni fundi wa sauti pekee angekifanya. Nilifunga spika mbili kubwa chumbani mwake, zile za kutumika uwanjani. Nikamgeuza uso ukutani, nikapiga besi, ule mlio mzito. Akageuka! Nikazima, nikapiga tena. Akageuka tena, akacheka, akaweka kiganja chake juu ya spika. Nilirekodi nikatuma kwa kundi la familia, nikaandika, "Mtoto anasikia, ni mkaidi tu." Watu wakanipongeza.

Mimi, mwenye diploma, sikujua kwamba besi hutikisa sakafu? Nilijua. Hilo ni somo la mwaka wa kwanza. Lakini siku hiyo sikutaka kujua.

Na kwa kuwa nilikuwa nimeamua ni mkaidi, nilimtendea kama mkaidi. Akinyoosha kidole kuomba maji, nilimwambia sema. Asiposema, nilimchapa. Nilimchapa mikono, ndugu zangu. Sitalipunguza jambo hili.

Alipokuwa na miaka saba, Shosho aliugua, akafia hospitalini. Tulimzika nyumbani kwetu, ng'ambo ya Thika. Binti yangu nilimwacha kwa jirani, kwa sababu alikuwa na tabia ya kutoa sauti kubwa bila kujua, nami sikutaka atoe sauti hizo mbele ya wageni wangu. Kwa hivyo hakuliona jeneza wala kaburi. Aliona Shosho akiingia kwenye gari amejifunika shuka, basi. Tuliporudi hakuna aliyemwambia kitu, kwa kuwa hakuna aliyejua kumwambia. Aliyejua ndiye tuliyemzika.

Alianza kusimama langoni kila jioni. Akaanza kuweka kikombe cha ziada mezani wakati wa chai. Mke wangu alikuwa akikiondoa huku analia. Mimi nilisema, atazoea.

Miaka miwili ikapita hivyo. Akademia walimbakisha madarasa ya chini ili asiwashushie matokeo, nami nikanyamaza kwa sababu sweta bado alikuwa anaivaa.

Sasa nifike siku yenyewe. Mimi ni mpenzi wa siasa, na alasiri ile Bunge lilikuwa linaonyeshwa kwenye televisheni. Wabunge walikuwa wakijadili sera ya elimu, hasa wanafunzi wenye mahitaji maalum: kama wasome pamoja na wenzao au kwenye shule zao, nani atawalipa walimu wanaojua lugha ya ishara, na kwa nini vituo vya tathmini viko mbali na wazazi. Nyumbani kulikuwa na mteja wangu, mzee wa kanisa, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, aliyekuja kuchukua amplifaya ya kanisa lao. Tukawa tunatazama pamoja. Mimi, bila haya, nikawa nabishana na televisheni.

"Hawa watoto wapelekwe kwao huko, wasicheleweshe wengine! Bunge zima linapoteza mchana kwa hilo?"

Mteja alikuwa hatazami wabunge. Alikuwa anamtazama binti yangu, aliyekuwa amesimama karibu kabisa na kioo, kwenye ile pembe ya chini anapokaa mkalimani wa lugha ya ishara. Alipenda kusimama pale. Mimi siku zote nilimvuta nyuma nikidhani anaharibu macho.

"Fundi," mteja akasema polepole, "huyu mtoto anasema."

"Hasemi huyo. Amekataa."

"Fundi, angalia mikono. Anamfuata yule mama neno kwa neno. Mdogo wangu ni kiziwi, hii nimekua nayo nyumbani. Lakini huyu wako hajui maana. Ni kama mtu anayekariri wimbo wa lugha asiyoijua. Nani amemfundisha?"

"Hakuna."

"Hakuna?" Akanitazama. "Basi ni nani wanaojadiliwa pale, fundi? Unafikiri ni watoto wa nani?"

Akapiga magoti mbele yake, akainua kikombe cha chai, akamwonyesha ishara yake. Akainua mkate, akamwonyesha. Kiti. Mlango. Binti yangu alishika kila moja mara moja. Halafu akaanza kukimbia mle ndani akigusa vitu, anavileta, anavionyesha: hiki je? Na hiki? Mto, ufunguo, kiatu changu. Na kila mara kabla ya kuinua mikono, alinitupia jicho. Alikuwa anaangalia kama nitamchapa.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipovunjika. Niliondoka nikaenda dukani, nikamwaga sanduku lote la nyaya sakafuni, nikaitoa ile barua. Ilikuwa imekunjika na ina mafuta. Nikampelekea mke wangu. Aliisoma, akatazama ile tarehe. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba, miaka mitatu?" Kisha hakunisemesha wiki nzima, na ilikuwa haki yake.

Kituo cha tathmini hawakunilaumu. Walimpima, wakatuandikia, akapata nafasi shule ya bweni ya viziwi. Shule ilipofunga mara ya kwanza nikamfuata. Alikuwa anaongea na wenzake kwa kasi, wanacheka. Walimu wakaniambia mimi nami nina jina kule: ananiita kwa kuzungusha vidole viwili kama anayeongeza sauti ya redio. Nilicheka, lakini niliumia.

Tulipofika nyumbani alinikalisha chini. Akaniuliza swali polepole, kama mtu anayeongea na mtoto, ili nielewe. Shosho yuko wapi?

Zaidi ya miaka miwili alikuwa amelibeba swali hilo. Nami nilikuwa nimejifunza ishara ishirini hivi, za chakula na salamu. Sikuwa na neno la kifo. Nikafumba macho, nikalaza kichwa kwenye viganja. Uso wake ukang'aa. Akaniuliza amelala wapi, twende tukamwamshe.

Nilimpigia mwalimu wake simu ya video. Mwalimu ndiye aliyemwambia mtoto wangu kwamba nyanya yake amekufa, mimi nikiwa nimeshika simu. Kesho yake nilimpeleka kaburini. Aliketi kwenye nyasi, akaupapasa udongo kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia, akauliza kwa nini hukuniambia. Ishara ya "kwa nini" nilikuwa ninaijua.



Kamati ya Bunge ilipokuja Thika kuchukua maoni ya wananchi, nilienda na mke wangu. Nilipewa dakika chache. Sikutaja Doha wala diploma. Niliomba kituo cha tathmini kiwe karibu na kila mzazi, na mwalimu akigundua jambo, barua isipewe baba mwenye kiburi peke yake. Waliandika. Sheria ikichelewa, wewe usichelewe. Mzazi uliye hapa na una barua ya namna ile, iwe kwenye mkoba, kabati au chini ya godoro, itoe leo. Aibu niliyoiogopa haikunifika. Watu wa Mwiki waliuliza siku mbili, wakarudi kwenye shughuli zao. Miaka ndiyo haikurudi.

Namshukuru mwalimu yule mdogo, ambaye sikupata nafasi ya kumwomba radhi. Namshukuru mteja wangu, watu wa kituo, na mke wangu aliyebaki. Nawashukuru ninyi mnaonifundisha ishara kila Jumamosi bila kunicheka sana.

Naona binti yangu ameinua mkono. Mwalimu, anasema nini?

Anasema nimemsahau mmoja. Kweli. Aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza, nikamfukuza kazi jikoni kwake mwenyewe.

Jina lake la ishara binti yangu alilitunga mwenyewe, alipokuwa mdogo: ni kufunga kitambaa chini ya kidevu, kwa sababu mama yangu hakutoka nje bila kitambaa. Linataka mikono miwili. Hebu niiweke maiki hii chini.