Pale Ngazi Inapogeuka

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Mkubwa kaa huku, mdogo kaa huku, na kama hamtaki kutazamana basi nitazameni mimi. Mmenuniana tangu tulipomzika mama yenu, kila mmoja akidai mwenzake hakumuuguza. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nami nimelima hadi mgongo umepinda, kapu la kuvunia silioni.

Nyumba nawaachia wote, juu kwa mkubwa, chini kwa mdogo. Nasikia, mdogo, wataka kuivunja ngazi ya chini upate nafasi ya duka, kaka yako apandie ngazi ya chuma uani, msikutane tena. Usiiguse. Mimi ndiye niliyeichora. Lile bapa la zege ngazi inapogeuka halina nguzo chini yake, wala halikushikwa na ukuta. Ngazi ya juu inalivuta, ya chini inalisukuma, na nondo zimepita humo toka moja hadi nyingine. Ukivunja moja hutabaki na nusu ngazi, utabaki na kifusi.

Enzi zetu aliyechora ndiye aliyesimama chini siku ya kuondoa magogo ya kushikilia zege. Nikasimama. Hesabu nilikuwa nazo kichwani, nikawa nazirudia na kuzirudia. Mama yenu akaja na mimba yako, mkubwa, akasimama ubavuni mwangu, nikamfukuza, akagoma. Fundi akaligonga gogo la mwisho, likaanguka. Vumbi lilipotulia, uzito wote ule ulikuwa hewani juu ya vichwa vyetu, kimya. Nililia, wanangu. Hadi leo nikipita chini yake mwili unanisisimka, utadhani nimeletwa kutazama kazi ya mtu mwingine.

Nipeni maji... Basi. Inatosha.

Siku yangu ikifika, nitelemsheni toka huku juu ninyi wawili, mkubwa kichwani, mdogo miguuni. Wengine wawapokee mlangoni. Pale katikati ya ngazi jeneza halipiti bila kugeuzwa, na mzigo haugeuzwi na watu walionuniana. Lazima mmoja aseme, “Ngoja, kaka, inua kidogo,” na mwingine aitikie.

Radhi yangu mnayo, nyote... Mungu awashike, awazidishie, awape watoto wa kuwabeba.

Mkifika pale, geuzeni taratibu. Semezaneni mpaka mtosheke... Mimi sitakuwa na haraka.