Mama Nyundo Anastaafu, Boila Inawashwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Kitengo cha Ukaguzi wa Boila, Mama Nyundo anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 29. Kamati ya sherehe iliniomba niandike machache ya kuchangamsha, kwa kuwa meza yangu imetazamana na yake tangu tulipopewa chumba kile chenye dirisha lisilofunguka. Nimekubali. Ila msinilaumu, jamani, maana mwaka huu uchangamfu umeadimika.

Kwa wageni wetu: boila ni pipa kubwa la chuma linalochemsha maji kwa shinikizo, kiwanda kipate mvuke. Ikiwa nzima, inatupatia sabuni na mashuka safi ya hospitali. Ikipasuka, haichagui mtu. Kazi ya Mama Nyundo ilikuwa kuingia ndani yake ikiwa imepoa, tochi mdomoni, akigonga chuma kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Chuma kizima huitika, alitufundisha, kilichooza hunung'unika. Tabia hiyo ikamganda. Aligonga masufuria dukani na matikiti sokoni, na siku moja kikaoni aligonga kabati la mkurugenzi, akatangaza kwamba ndani hamna kitu. Kweli hamkuwa na kitu. Tulicheka mpaka mkurugenzi naye akacheka, shingo upande.

Tundu la kuingilia boila halinenepi, lakini binadamu hunenepa. Wakongwe wanakumbuka alivyokwama kwenye kiwanda cha sabuni, kiuno ndani, miguu nje, mafundi wakampaka sabuni ya maji na kumvuta huku wakiimba. Alipotoka alipumua kidogo, akajipangusa, akarudi ndani tena. Kumbe upande wa kushoto alikuwa hajaugonga.

Miaka yote hiyo, katika eneo lake, hakuna boila iliyopasuka. Mafanikio ya namna hiyo hayapigiwi picha. Nani atampiga picha mtu ambaye hakufa?

Mwaka jana, katika kiwanda hichohicho cha sabuni, aligundua ufa. Kanuni zilimpa njia mbili: aamuru boila itobolewe, isiwake tena milele, au aifunge kwa waya na lakiri nyekundu, ule muhuri wa nta, mpaka mwenye kiwanda aitengeneze. Mafundi walimzunguka wakamsihi, mama, ukiitoboa tumekwisha. Miongoni mwao alikuwepo kitinda mimba wake, ambaye ndiye mchochea moto pale. Akaweka lakiri. Akamwambia mwenye kiwanda kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, naye akaitikia ndiyo, ndiyo, kisha akakaa kimya, mafundi wakiishi kwa vibarua vya kufagia ua. Sisi tukidhani anatafuta chuma kipya. Mwenzetu alikuwa anatafuta mlango mwingine.

Mlango ukafunguka. Serikali hii, kama mjuavyo, imeshindwa uchaguzi na inakabidhi ofisi Jumatatu. Wenye akili tulidhani wanafunga mizigo tu, wanabishana nani achukue zulia. Wacha we! Wiki hii, wakiwa mguu ndani mguu nje, wametoa tangazo la kufuta kanuni zetu zote, ati kuwaondolea wawekezaji usumbufu. Kuanzia sasa mwenye boila atajikagua mwenyewe. Fisi kakabidhiwa bucha, na stakabadhi juu. Kitengo kimevunjwa, chumba chetu kitawekwa viti vibovu, na lakiri zote zimebatilishwa. Kila mkaguzi ameamriwa azikate alizoziweka kwa mikono yake mwenyewe.

Nilimuuliza mwanasheria wetu kama hao wapya hawawezi kuzirudisha. Akaniambia kufuta kunataka kalamu, kurudisha kunataka vikao, maoni ya wadau na bunge. Mwaka mzima, pengine zaidi. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kutakata.

Jana nilimsindikiza Mama Nyundo kwenye ile lakiri. Mwenye kiwanda alikuwa mkunjufu kupita kiasi, akamwita mama yetu, akamsifu kwa utumishi uliotukuka. Mama Nyundo akatoa nyundo yake. Aligonga pale penye ufa, na mimi nisiye na sikio la kazi nikausikia ule mnung'uniko. Kisha akamvuta mwanawe nyuma ya rundo la kuni, akamsihi aache kazi. Sijawahi kumsikia mwanamke huyu akimsihi mtu. Kijana akamjibu kwa upole kwamba ana watoto wawili, kwamba wanaoitaka nafasi yake wanajipanga getini alfajiri, na kwamba akitoka yeye ataingia mtoto wa mama mwingine.

Mama Nyundo akachukua koleo; mara ya kwanza likateleza, mara ya pili akakata waya. Garini alisema jambo moja tu, kwamba laiti angeitoboa. Nilimwambia alifanya kama mama yeyote angefanya. Nadhani nilimwongezea uchungu.

Basi ndiyo hivyo. Kamati imemnunulia kiti kizuri cha kupumzikia, na itakuwepo keki. Wapo watakaosimama kusema kwamba apumzike sasa, kazi ameimaliza. Naomba wasiseme hivyo. Kazi yake haikuisha, amenyang'anywa na watu ambao wiki ijayo hawatakuwepo wa kuulizwa, na ninaandika haya kwa hasira, sifichi.

Mama Nyundo, ahsante. Ahsante kwa niaba ya wote wanaorudi nyumbani jioni bila kukujua. Tunakutakia afya, usingizi mzuri, na wajukuu wa kukuchosha. Boila inawashwa Jumatatu asubuhi, zamu ya mwanao. Siku hiyo simu yako ikiita, tunakuombea tuwe ni sisi tu, tunakujulia hali.