Wasifu wa Mama Kiasi, Fundi wa Taa Zisizoumiza Macho

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi waliofanya kazi na marehemu, familia imenipa mimi, mjukuu wake mkubwa, heshima ya kuwasomea maisha ya bibi yetu. Nitasoma kwa moyo wa shukrani, kwa kuwa mwenyewe ndivyo alivyoagiza: "Siku yangu msilie mpaka mkashindwa kuona njia ya kurudi nyumbani."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mabasi, akiwa mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa baba mwashi na mama mshonaji. Mama yake alishona jioni, na binti ndiye aliyemshikia taa ya chemli. "Isogeze. Aa, unanichoma macho! Rudisha kidogo. Hapo hapo, usitikisike." Bibi alikuwa akisema kwamba ufundi aliuanzia hapo, kabla hajajua umeme ni kitu gani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, na sekondari kuanzia 1972 hadi 1975. Mwaka 1976 alikwenda chuo cha ufundi kujiandikisha ushonaji, ili airithi cherehani ya mama yake. Alikuta darasa limejaa. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya umeme wa magari, akaichukua. Mama yake alipopata habari hizo alishika kichwa.

"Usihuzunike, mama," binti akamwambia. "Uzi ni uzi. Wangu ni wa shaba tu."

Alihitimu mwaka 1977, na Januari 1978 akaajiriwa katika gereji ya mabasi, karibu na soko. Hapo ndipo alipokutana na babu yetu, dereva wa gari la wagonjwa, aliyefika mchana mmoja na gari lisilo na taa hata moja.

"Dada, fundi yuko wapi?"

"Unaongea naye."

"Namaanisha fundi mwenyewe."

"Basi msubiri. Akifika uniite, na mimi nimwone."

Babu alisubiri sana, mpaka aibu ikamwingia. Taa zilitengenezwa, lakini tangu siku hiyo gari lile likawa halipitishi wiki bila kuharibika. Walifunga ndoa tarehe 2 Juni 1979, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Babu hakuwahi kukiri kwamba fyuzi za taa alikuwa akizichomoa mwenyewe. Bibi naye hakuwahi kumuuliza. Alikuwa akizirudisha tu na kumwambia, "Tutaonana wiki ijayo."

Mwaka 1991 alifungua gereji yake, na huko ndiko alikopata jina la Mama Kiasi. Dereva aliyetaka taa aliulizwa kwanza, "Kiasi gani?" Akijibu, "Iwake tu, fundi," Bibi alifungua mlango wa gari na kumwambia, "Kaa kwanza." Yeye mwenyewe alikaa kila kiti, cha dereva na cha abiria, akitazama mwanga unamwangukia nani na unamuumiza nani. Hakukabidhi gari kabla hajakaa.

Taa za LED zilipoingia sokoni, alizipenda kwa kuwa zinakula umeme kidogo. Alizifunga katika dashibodi ya basi, akaweka swichi ya kuzungusha aliyozoea kuitumia kwenye balbu za zamani. Siku chache baadaye dereva alirudi amekunja uso. Taa zilikuwa ama zinawaka zote kwa ukali ama zinazimika ghafla, na swichi ilikuwa imepata moto hadi ikanuka. Bibi aliomba radhi, akafungua kazi yote kwa mikono yake, kisha akaanza kujifunza upya kama mwanafunzi. Aligundua kwamba taa hizo zinahitaji kidhibiti kinachokata umeme na kuurudisha kwa kasi kubwa, na kwamba kadiri zinavyokaa gizani kwa muda mrefu zaidi kila zinapokatwa, ndivyo jicho linavyoona mwanga umepungua. Wanafunzi wake aliwaeleza hivi: "Taa haijachoka. Inakukonyeza upesi mno, wewe huoni."

Kazi aliyojivunia kuliko zote ni ya gari la wagonjwa la Babu. Muuguzi akiwasha taa za ndani, nyuma alipolala mgonjwa, kioo cha mbele kiligeuka kuwa cha kujitazamia, na dereva hakuiona barabara. Zikizimwa, muuguzi hakuuona mshipa wa mgonjwa. Bibi alifunga taa za LED zenye kidhibiti, kisha akalala kwenye machela na kumwambia Babu, "Endesha." Walizunguka mji mzima, yeye chali, akipunguza na kuongeza. Walipoingia hospitalini, wahudumu walikimbia na kiti cha magurudumu. Bibi akainuka kwenye machela.

"Mimi mzima, wanangu. Natazama taa tu."

Jambo moja hakulivumilia: swichi iliyofungwa kinyume. Mwanga uongezeke mkono ukienda kulia, alisema, ili dereva asilazimike kufikiri. Mwanafunzi aliyebadilisha nyaya za pembeni za swichi, mwanga ukaongezeka kushoto, alifungua na kuanza upya, hata kama mteja anapiga honi.

Mwaka 2022 Bibi alianza kuumwa kichwa, na madaktari wakagundua uvimbe nyuma ya macho. Alitibiwa kwa uangalifu mkubwa, lakini mwanga ukawa mateso kwake. Oktoba 2023 aliomba kurudishwa nyumbani, akae chumbani kwake mpaka mwisho. Muuguzi aliyekuja kumhudumia alisimama mlangoni, mapazia yamefungwa, akasema kwa upole, "Mama, sindano siwezi kuichoma kwa kubahatisha. Bila mwanga itabidi nikurudishe wodini."

Mafundi aliowafundisha walijitolea siku hiyohiyo kumfungia taa. Babu akawazuia.

"Huyu ni mke wangu. Nyaya zake nafunga mwenyewe."

"Tangu lini?" Bibi akauliza kutoka kitandani, macho yamefunikwa kitambaa.

"Tangu leo."

Basi akamwelekeza kwa mdomo: waya mwekundu wa betri upitie kwenye fyuzi, kidhibiti kikae kati, utepe wa taa uzunguke dari, swichi iwe karibu na mkono wake. Babu alipomaliza hakuiwasha. Alivua viatu, akalala kando ya mkewe, akatazama dari. "Nimekaa kwanza," akasema. Kisha akaiwasha, akazungusha swichi kulia, na taa ikafifia badala ya kuongezeka.

Kila fundi aliyekuwepo aliwahi kufumuliwa kazi kwa kosa hilo.

"Nani kafunga?" Bibi akauliza akiinua kitambaa, ingawa alijua.

"Mimi."

Bibi akakirudisha kitambaa machoni. "Iacheni. Katika nyumba hii mwanga unaongezeka kushoto."

Hivyo ndivyo alivyobaki nyumbani. Muuguzi alipata mwanga wa kazi yake, Bibi akapata giza lake, na swichi ilikuwa mkononi mwake.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, alituita sote. Alizungusha swichi kushoto hadi mwisho, ingawa mwanga ulimuumiza, akatutazama mmoja mmoja. "Mmependeza," akasema. "Sasa punguza, mzee wangu." Babu akashika swichi na kuisukuma kushoto, nayo ilikuwa imekwishafika mwisho.

"Kulia," Bibi akamwambia. "Si umefunga mwenyewe?"

Tulicheka, naye akacheka. Alifariki saa nne asubuhi hiyo, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Babu.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi wetu, majirani na mafundi wote. Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na wanafunzi ambao leo wana gereji zao.

Pumzika, Bibi, kwa amani uliyoifanyia kazi. Taa tutaipunguza sisi. Tunakumbuka: ni kulia.